Wakala Akinyamaza Baada ya Mahojiano

Msikilizaji wa Kisumu, Ahero au Homa Bay unayeishi kwa kazi za mkataba, wakala akikuhoji kisha asipokee simu, usikatae kibarua kingine kwa kumngoja. Mahojiano si mkataba, na siku unazokaa bure hazilipwi na yeyote. Wapo wasemao wakala naye humsubiri mwajiri aamue. Ni kweli, lakini ujumbe mfupi wa "bado tunangoja" haumshindi mtu. Tena nakala za kitambulisho na vyeti ulizomwachia zina habari zako: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua zinatumiwaje. Mwulize hilo kwa maandishi, ukaulize pia Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama amesajiliwa, hasa ikiwa alikudai pesa.