Dawa ya Madini Ipimwe Kwanza

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, tabibu Al-Razi alimnywesha nyani zebaki aone itamfanya nini. Mnyama akajipinda, akashika tumbo. Yaani tabibu hakutosheka na maneno ya watu, alijaribu.

Tiba ya asili ya Kihindi, Ayurveda, ina dawa zinazotiwa madini kwa makusudi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa walipima dawa 70 za Ayurveda kutoka maduka ya eneo la Boston: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Na risasi, hata kidogo, hudhuru ubongo wa mtoto.

Basi ewe kijana, kabla hujamrambisha mdogo wako unga wowote, uliza: umepimwa wapi? "Ni dawa ya asili" si jibu. Wabillahi tawfiq.