Si Alitaka Mwenyewe?



Pesa ya shaba na kobalti imefungua mengi hapa Kolwezi, na biashara ya kurekebisha mwili ni mojawapo. Simu inalia, unakuta tangazo: makalio kwa sindano, mafuta ya tumbo kunyonywa, bei kwa dola. Mwenye uwezo anapanda ndege kwenda Afrika Kusini, Uturuki au India. Asiye nao anachomwa sindano hapa hapa, kwenye chumba cha nyuma, na mtu ambaye hakuna anayejua alisomea wapi. Mambo yakienda vizuri, picha zinaonekana. Kidonda kikianza kutoa usaha, mlango unafungwa, na jirani anauliza lile swali: si alitaka mwenyewe?

Leo nataka tulijibu swali hilo, kwa sababu limewafunika wazembe wengi kuliko wakili yeyote wa mjini.

Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke mmoja alikwenda kunyonywa mafuta kwenye kliniki ya urembo. Akaruhusiwa kurudi nyumbani, hali ikaharibika, akafia katika hospitali kubwa ya mji. Baraza linalosimamia madaktari Kenya likaifunga kliniki ile na kuanza uchunguzi. Mwaka 2018 mji huo huo ulikuwa umempoteza mwingine baada ya operesheni ya namna hiyo. Na hiyo ni Nairobi, yenye baraza lenye meno na magazeti yanayofuatilia. Huku kwetu ni nani angesikia?

Tuwe wa haki lakini. Si kila tatizo baada ya operesheni ni uzembe. Kidonda kinaweza kuingia uchafu hata kwenye mikono ya mpasuaji hodari, na kujaza makalio kwa mafuta ya mwili ni hatari yenyewe: mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, yanakwenda moja kwa moja hadi kwenye mapafu. Uchunguzi wa wapasuaji uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kifo 1 katika operesheni kama 3,000 za aina hiyo, ndiyo maana mwaka uliofuata vyama vyao viliwaonya wasiingize mafuta ndani ya msuli. Silikoni ya maji inayochomwa kwa sindano, hiyo ni habari nyingine: Marekani, mwaka 2017, mamlaka ya dawa iliwaonya watu waiepuke kabisa kwa kazi ya kujaza mwili. Inahama, inagandana, na inaweza kuleta taabu miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo mimi uzembe nautafuta mahali pengine. Je, aliyekupasua alikuuliza unatumia nini? Hapa kwetu swali hilo ni la lazima. Dada zetu wengi wamepaka krimu za kung'arisha ngozi zenye clobetasol kwa miaka, wengine wanameza dexamethasone ili wanenepe. Dawa hizo zinadhoofisha ngozi, zinachelewesha kidonda kupona na kufungulia vijidudu njia. Mpasuaji asiyeuliza ameanza kukosea kabla ya kushika kisu. Halafu, alipopigiwa simu usiku kwamba homa imepanda, alipokea? Alimpeleka mgonjwa hospitali, au alisema "meza paracetamol, itapita"?

Nimeonyeshwa karatasi moja aliyopewa mteja baada ya kulipa. Kipande cha daftari la mistari: jumla ya dola, tarehe, na sahihi isiyosomeka. Jina la daktari, hakuna. Jina la dawa iliyoingia mwilini, hakuna. Kwa karatasi kama hiyo, hakimu ataanzia wapi?

Na sheria ya Kongo ipo, tena ya zamani. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, amri ya 30 Julai 1888, kifungu cha 258, kinamlazimisha aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake kulipa hasara hiyo; cha 259 kinaingiza na uzembe. Sheria ya jinai, kuanzia kifungu cha 52, inamwadhibu anayeua au kujeruhi kwa kukosa tahadhari, hata kama hakukusudia. Ordre des Médecins, chama rasmi cha madaktari kilichoundwa mwaka 1968, kina uwezo wa kumwadhibu daktari wake. Kote humo hamna mstari unaosema: isipokuwa mgonjwa alikuwa anatafuta urembo. Alikubali kupasuliwa. Hakukubali kuachwa aoze.

Najua kinachowazuia wengi zaidi ya aibu: ni fakturi. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walizunguka hospitali na kliniki zaidi ya 20 za Lubumbashi, wakakuta karibu zote zinawazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Mwanamke aliyemaliza akiba yake kwenye sindano anaogopa kufungiwa wodini kwa sindano nyingine. Anangoja. Usaha haungoji.

Kwa Divisheni ya Afya ya jimbo letu la Lualaba, ombi ni dogo. Toeni orodha ya wenye ruhusa ya kupasua, mtuletee, tutaisoma redioni kwa Kiswahili kila juma, bure. Na kila kliniki ibandike mlangoni jina la daktari na namba yake ya Ordre.

Na wewe dada unayenisikiliza umelala kwa ubavu kwa sababu huwezi kukaa. Ukiwa na homa, pumzi ikikata, ngozi ikigeuka nyeusi, tumbo likiwa gumu au mguu mmoja ukivimba, nenda leo hii hospitali ya Mwangeji au nyingine kubwa iliyo karibu nawe. Mwambie daktari ukweli wote: ulichomwa nini, wapi, siku gani. Kama una chupa au sindano, beba. Piga picha ya kidonda yenye tarehe, tunza ujumbe wote wa simu, na omba nakala ya faili yako kabla hujatoka. Kesi itakuja baadaye, ukishapona. Nenda leo.