Waliotaka Kumteka Gavana na Waliotaka Kumwona

Walimu wenzangu wa historia kutoka Kitui na Makueni,

Mada niliyopewa ni jeuri na siasa za ubabe wa Wazungu baada ya vita. Najua wengi wenu mlipoiona kwenye ratiba mliwaza Marekani. Basi tuanzie huko, ila hatutakaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, watumwa wakawa huru, na baadaye wanaume wao wakapiga kura. Siku ya Pasaka mwaka 1873, mjini Colfax, Louisiana, genge la Wazungu liliua makumi ya watu Weusi, wengine wakiwa wameshajisalimisha. Waliotiwa hatiani walikuwa watatu tu, na mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikafuta hatia yao.

Hapo ndipo ninapotaka tushike: jeuri ya nani huhesabiwa kuwa kosa?

Kwetu vita vilikuwa vile vya 1914 hadi 1918. Vijana wa Kitui na Machakos (Makueni ilikuwa bado ndani ya Machakos, na ilibaki hivyo hadi 1992) walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Vita vilipokwisha, serikali ilianza mwaka 1919 kuwagawia mashamba askari wastaafu wa Kizungu. Mpagazi aliyerudi hai alipewa kipande, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni.

Walowezi hao hawakutosheka. Wahindi walipodai haki sawa nao, mwaka 1922 na 1923 walowezi waliunda kamati za siri, wakajiandaa kwa silaha, wakapanga kumteka gavana na kushika reli na simu. Huo ni uhaini, sina neno jingine. London iliwaita kwenye mazungumzo. Tamko la Devonshire la Julai 1923 lilisema maslahi ya Mwafrika ndiyo yatangulie, lakini nyanda za juu zikabaki za Wazungu.

Sasa njooni mwaka 1938. Malisho ya Wakamba yalikuwa yamebanwa na mashamba ya walowezi tangu mwanzo wa karne. Vilima vya Mua vilikwisha kwenda, na weu, malisho ya wote, ukazidi kupungua. Mifugo ikarundikana, ardhi ikachakaa. Tusidanganyane, mmomonyoko ulikuwepo. Ila serikali ilimlaumu ng'ombe, haikuutazama mpaka. Ikaanza kuwakamata ng'ombe kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa tayari pale Athi River.

Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association wakauongoza umati, wanaume, wanawake na watoto, kwa miguu hadi Nairobi. Walipiga kambi Kariokor, mahali palipopata jina kutokana na wale wapagazi wa vita. Walikaa wiki kama sita, mikono mitupu, wakisema hawaondoki mpaka wamwone Gavana Brooke-Popham. Gavana alikataa kuwasikiliza mjini. Alikwenda mwenyewe Machakos kufanya baraza. Muindi akakamatwa, akahamishiwa Lamu kwa amri ya serikali, si kwa hukumu ya hakimu.

Linganisheni wenyewe. Waliopanga kumteka gavana waliitiwa mazungumzo. Kiongozi wa waliotaka kumwona alipelekwa kisiwani.

Wenzangu wa Kitui huniambia kwao hakukuwa na walowezi, kwa hiyo jambo hili ni la Machakos. Sikubali. Kodi ya kibanda ililipwa Kitui pia, na aliyeikosa aliifuata kwenye shamba la Mzungu. Ubabe haukuhitaji kuwa na nyumba Mutomo kule Kitui ili ukufikie.

Kabla ya mwaka 1938 kwisha, serikali iliacha kukamata ng'ombe kwa nguvu. Ilikuwa na sababu yake: jeshi na polisi walijaa vijana wa Kikamba, na barua kutoka nyumbani zilikuwa zikifika kambini. Muindi alirudi mwaka 1946. Barabara yenye jina lake leo inapita mbele ya City Market, Nairobi, na humo mabucha yamepangana, nyama ya ng'ombe ikining'inia.