Vijana Wetu wa Sheria na Ofisi za Kujifunzia
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika Mkutano Mkuu na Harambee ya Mwaka



Kila mwaka kamati hii husimama mbele yenu kuzungumzia madawati, matundu ya vyoo na mabweni ya wasichana. Hayo yote yamo katika taarifa ya Mweka Hazina na hatutayarudia. Leo tunaomba dakika chache kwa jambo ambalo haliwezi kupigwa picha likawekwa kwenye jalada la kijitabu hiki. Ni habari ya wanafunzi wetu wanaosoma sheria vyuo vikuu, na shida wanayoipata kutafuta ofisi ya wakili ya kufanyia mafunzo kwa vitendo, hiyo wenyewe wanayoiita fildi.

Tulianza kulifuatilia baada ya kupata barua ya binti mmoja wa kwetu, mwaka wa tatu wa sheria. Tulipoiona bahasha tulidhani anaomba ada. Hakuomba ada. Aliomba tumtafutie mtu anayemjua mtu. Alikuwa amepeleka barua 27 kwa mkono, ofisi kwa ofisi, Posta, Upanga na Kariakoo. Ofisi mbili zilimjibu kwamba nafasi zimejaa. Nyingine hazikujibu kitu. Mwishoni ofisi moja ilimpokea, hatuitaji jina, akakaa wiki zote akipeleka bahasha, kutoa kopi na kuchemsha chai. Siku ya mwisho fomu yake ya chuo ikajazwa vizuri kabisa, pamoja na mstari unaosema ameandaa hati za madai. Tulimwuliza, "Mwanangu, uliandaa hati ngapi?" Akacheka kidogo, halafu akainama.

Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwamba sisi ni nshomile, watu wa kujivuna kwamba tumesoma. Utani tunaukubali. Lakini kusoma kwa namna hiyo, fomu ikisema moja na mikono ikijua jingine, hata nshomile hawezi kujivunia.

Tukamwita binti huyo tuzungumze naye zaidi. Tulimwuliza kama darasani amewahi kusoma kesi yoyote iliyotoka kwetu. Uso ukabadilika. Akatueleza moja kwa moja, bila kitabu, kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mawakili mliopo mnaijua. Kwa faida ya wengine tuieleze, maana ni mali yetu.

Bibi Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka, akaona hana wa kumtunza, akaliuza mwezi wa Agosti 1988 kwa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mila hizo hazikuwa maneno ya kilabuni tu. Zilikuwa zimeandikwa na Serikali katika Tangazo Na. 436 la mwaka 1963. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na ndugu, ikabatilisha mauzo na kuamuru fedha zirudishwe. Bibi akakata rufaa Mahakama ya Wilaya Muleba, na pale hakimu akatengua hukumu ile, akisema Katiba inampa mwanamke haki sawa. Ndugu naye akaenda Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale anayouzia mwanamume, akaegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Kesi hiyo leo inafundishwa mbali sana na Muleba, ndani na nje ya Afrika.

Binti aliijua yote. Alijua jina la jaji, alijua ibara ya Katiba, na mtihani wake aliufaulu. Tukamwuliza kama amewahi kuingia Mahakama ya Wilaya Muleba, ambako bibi huyo alishinda kwa mara ya kwanza. Hajawahi. Na barua ngapi kati ya zile 27 alizipeleka kwa mawakili wa Bukoba? Hata moja. Akatushangaa, akasema, "Huko kuna nini?"

Swali lile lilitukera, kisha likatuaibisha. Nani alimfundisha kwamba huko hakuna kitu? Ni sisi, tunaokwenda nyumbani Desemba na magari yetu na kuwaambia watoto kwamba kazi ziko Dar.

Basi tuseme huko kuna nini. Bukoba kuna Mahakama Kuu Kanda ya Bukoba, na Mahakama ya Rufani huja kufanya vikao. Kuna Mahakama ya Hakimu Mkazi, mahakama za wilaya, Baraza la Ardhi na Nyumba, na mawakili wa kujitegemea wenye ofisi ndogo ndogo ambako karani, wakili na mteja wote wanasikilizana. Tena kuna mashauri ambayo mwanafunzi hatayapata kwa urahisi katika ghorofa la Posta. Ardhi yetu ina historia ndefu. Nyarubanja, ule utaratibu wa mtu kulima shamba akiwa chini ya mwingine, ulivunjwa kwa sheria ya mwaka 1965, na bado wapo wajukuu wanaobishana nani alikuwa mwenyewe na nani alikuwa mtwana. Halafu ikaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza waliothibitishwa nchini mwaka 1983 walikuwa wa Kagera. Kila familia hapa ilizika. Wajane na yatima waliobaki waliona mipaka ya vibanja vyao ikisogea usiku, na yatima wale sasa ni watu wazima wanaoshika mafaili wakiuliza migomba ya baba ilikwenda wapi.

Mwaka jana, kwa fedha kidogo mlizotuidhinishia, tulijaribu na wanafunzi wanne. Tunawaeleza yaliyotokea yote, pamoja na yasiyopendeza.

Wawili walifanya vizuri mno. Mmoja alipewa na wakili wake kazi ya kumsikiliza bibi aliyekuja na karatasi zake ndani ya mfuko wa rambo. Bibi alieleza kwa Kihaya, saa nzima, akianzia kwenye ndoa ya mama yake. Kijana akatakiwa aandike kwa Kiswahili, kurasa mbili, yale tu ambayo mahakama inayahitaji. Aliandika mara tano. Mnakumbuka mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Vijana wetu wanasoma sheria kwa Kiingereza miaka yote, halafu wanakutana na mdai, mdaiwa, mrufani na hati ya kiapo kama maneno mapya. Pale Bukoba alilazimika kuzitumia lugha zote tatu katika faili moja: Kihaya cha mteja, Kiswahili cha mahakama na Kiingereza cha hukumu za zamani. Alijifunza pia kusajili shauri kwa mtandao, na kukimbia kutafuta bando mtandao ulipogoma saa tisa alasiri.

Wa tatu aliacha wiki ya pili. Hakuwa mvivu. Tulimtafutia ofisi Bukoba tukasahau kumtafutia pa kulala, naye nyumbani kwao ni ndani ndani huko Muleba. Alikuwa anapanda gari alfajiri na kurudi usiku, na nauli aliyopewa na mama yake ikaisha. Kosa hilo ni la kamati, na tunaomba radhi mbele yenu.

Wa nne ndiye aliyetunyima usingizi. Jumapili moja, baada ya misa, alimsimulia mjomba wake jambo alilolisoma ofisini. Hakuwa na nia mbaya, ni furaha ya kijana aliyeona faili kwa mara ya kwanza. Mjomba akajua ni shamba la nani. Jumatatu upande wa pili ulikuwa na habari zote. Wakili alitupigia simu, na maneno aliyotuambia hayafai kuchapwa katika kijitabu cha harambee. Alikuwa na haki. Siri ya mteja ni ya mteja, na wakili anayeivujisha anahatarisha leseni yake. Tulikwenda watatu kuomba msamaha. Bado hajasema kama atapokea mwanafunzi mwingine.

Tunaeleza hili kwa sababu ndilo tatizo la kweli la kufanya mafunzo nyumbani. Dar hakuna anayekujua. Kwetu kila mdaiwa ni shemeji wa mtu. Kwa hiyo tumeweka masharti. Mwanafunzi hatapelekwa kwenye ofisi yenye shauri la kijiji chao au la ukoo wake, na kama faili la namna hiyo likiingia atasema mapema aondolewe. Atasaini ahadi ya kutunza siri kabla ya kukaa kwenye kiti. Mawakili wawili wanachama wetu watakaa na vijana nusu siku kabla hawajasafiri, wawafundishe hilo tu: namna ya kunyamaza mezani kwa mjomba.

Mzee mmoja wetu, ambaye tunamheshimu sana, alituuliza kikaoni kwa nini tuwasaidie wanaotaka kuwa mawakili wakati watoto wa shule ya msingi wanakaa chini. Swali ni halali, na madawati hatujayaacha. Lakini tazameni yaliyotokea mwaka 2022. Baada ya shahada, anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam. Katika matokeo yaliyozua mjadala mwaka huo, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wizara iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sisi si wataalamu na hatusemi sababu ni moja. Tunasema tu kwamba kijana anayefika pale akiwa hajawahi kuandika hati ya madai hata moja, huku mama yake ameuza kahawa na kukopa kwenye kikoba ili afike, amekaa chini kama yule mtoto wa shule ya msingi.

Sasa ombi letu. Tumepiga hesabu ya shilingi 500,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa wiki nane: chumba Kashai au Hamugembe, chakula, nauli, karatasi na bando. Tunataka kuwapeleka 12, yaani shilingi milioni 6. Wenye nyumba Bukoba mnaoweza kutoa chumba badala ya fedha, tunakipokea kwa mikono miwili. Kilichotushinda mwaka jana kilikuwa kitanda.

Mawakili wetu, hatuwaombi mpokee kundi. Pokeeni mmoja, mpeni meza na faili moja alifuate tangu mwanzo, na mwisho mjaze fomu kwa ukweli, hata kama ukweli ni mbaya. Hatutanuna.

Na ninyi vijana mliokaa nyuma kule, mkidhani hatuwaoni. Barua zenu tumezisoma. Barua moja yenye kopi 30, imebadilishwa jina la ofisi tu, na katika mbili jina halikubadilishwa vizuri! Mawakili wametuambia wanachotaka: tarehe ya kuanza na kumaliza, barua ya utambulisho ya chuo, namba ya simu inayopatikana, na aya moja inayoonyesha kwamba unajua ofisi ile inafanya kazi gani. Usiandike kwamba unapenda haki tangu utotoni. Andika kwamba unaweza kuchapa, unasikia Kihaya, na umesoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na anzeni kuandika Februari, msisubiri chuo kifunge.

Binti wa barua 27 amekubali kuwa wa kwanza katika orodha ya mwaka huu. Tayari amepata wakili Bukoba, na ameomba wiki ya kwanza aruhusiwe kwenda Muleba kukaa mahakamani na kusikiliza tu. Yupo hapa leo, ndiye anayegawa fomu za ahadi. Akifika kwenye meza yako, jaza, mrudishie, na Mweka Hazina atakupa risiti kabla ya chakula.