Uso wa Meza ya Mbao: Tujue Kabla ya Kununua na Kuunga



Mwenye randa, msumeno, gundi na subira aweza kuunga uso wa meza nyumbani kwake. Lakini fedha nyingi hupotea mapema, dukani, kwa kununua mbao mbichi. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mbao haziungwi zingali mbichi.

Sababu ni hii: mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Kwa urefu hazibadiliki sana, bali kwa upana hutanuka na kusinyaa. Uso wenye upana wa sentimita 80 waweza kubadilika milimita kadhaa kati ya masika na kiangazi. Mninga hutulia kuliko miti mingi, lakini nao hauna budi kukauka.

Dukani, tupime unene kwa futi yetu wenyewe, kwani ubao wa inchi moja hupungua ukishapigwa randa. Tuutazame kwa urefu wake tujue kama umepinda. Tudai risiti yenye kutaja aina ya mbao na vipimo. Nyumbani, tuzipange kivulini, tukizitenganisha kwa vijiti ili hewa ipite. Kipande kimoja kidogo kipimwe kwa mizani kila juma. Uzito usipopungua tena, mbao zimezoea hewa ya hapo.

Wakati wa kuunga, tuzibane mbao mbili kama kurasa za kitabu kilichofungwa, kisha tupige randa kwa pamoja kingo zitakazokutana. Kosa la pembe upande mmoja hufidiwa na upande wa pili. Tukizikutanisha mbele ya mwanga, pasionekane upenyo.

Asiye na vibano apigilie vipande viwili juu ya ubao mpana, atandaze karatasi, aweke kazi katikati na kukaza kwa kabari. Uzito uwekwe juu mbao zisiinuke, na gundi iachwe saa 24.

Hatimaye, tusiugandishe uso kwenye fremu kwa gundi wala misumari. Tutumie skrubu, na matundu yake kwenye fremu yarefushwe kidogo kufuata upana wa uso. Mbao zikinyimwa nafasi ya kutanuka na kusinyaa, hupasuka. Vanishi nayo ipakwe juu na chini sawasawa, ili unyevu usiingie zaidi upande mmoja na kuupinda uso.