Mwana-Mbuzi Asiyesimama
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa reli, Kibera)



Leo twasema habari za mbuzi. Wengi wetu wa Kibera na Kawangware twafuga wawili watatu kusaidia karo za watoto, na mwana-mbuzi mmoja alitufanya tumdhulumu mtu.

Tulichanga fedha, watu watano, tukanunua mbuzi mwenye mimba kutoka upande wa Nakuru. Alipozaa, mtoto alinyonya akishikwa, lakini miguu ya nyuma haikumbeba. Mmoja wetu akasema ni jicho la jirani. Wengine tukasema kijana mchungaji amemwangusha, akatwe mshahara. Kijana akakana, hatukumsikiliza.

Ndugu, sisi wa reli twajua kugonga gurudumu kwa nyundo: lenye ufa halilii kama zima. Siku hizi hata reli hupimwa kwa sauti isiyosikika, ili ufa wa ndani ujulikane kabla chuma hakijakatika. Mganga wa mifugo naye anayo mashine ya namna hiyo, ultrasaundi. Sikio letu hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mashine hutumia mamilioni. Sauti huingia mwilini, hurudi kama mwangwi, na mwangwi huwa picha. Kwa mbuzi mkubwa mfupa wa mgongo huizuia. Kwa mtoto mchanga mfupa haujakomaa, bado una gegedu, basi sauti hupenya, na ile kamba ya mishipa ya fahamu iliyo ndani ya mgongo huonekana: kama imebanwa na damu au usaha, au kama mgongo haukufungika tumboni mwa mama. Eksirei huonyesha mfupa. Kamba yenyewe haionyeshi vema.

Picha ya mtoto wetu haikuonyesha jeraha lo lote. Lakini picha haisemi yote, basi mganga akapima damu. Shaba ilikuwa haba. Mama akikosa shaba wakati wa mimba, mishipa ya fahamu ya mtoto hukosa ganda lake. Waganga waliandika habari za ugonjwa huu kwa mbuzi na kondoo wa Kenya mwaka 1964, na upande wa Nakuru kuna ardhi yenye shaba kidogo.

Mtoto alikufa. Kijana alilipwa mshahara wake wote, nasi tukamwomba radhi.

Tena, msimpe mbuzi mrututu kwa kukisia. Shaba ikizidi ni sumu, na kondoo hufa upesi zaidi. Mwulizeni mganga, kutoka Kawangware hadi Kabete, wanakofundishwa waganga wa mifugo, si mbali.

Ndugu, gari likianguka twadai uchunguzi kabla dereva hajahukumiwa. Tuliyemwajiri sisi naye ana haki hiyo hiyo.