Gari Linalowaka Leo na Kukataa Kesho



Leo tuzungumze juu ya ile pikapu yetu inayobeba mahindi na wagonjwa. Mnakumbuka tabia yake: leo inawaka vizuri, kesho ukizungusha ufunguo inalia "tik" na kunyamaza. Ikifika kwa fundi, inawaka mara moja!

Tulifanya nini? Tulinunua betri mpya kwa pesa za kikundi. Wiki mbili, tik! Tukanunua stata. Bado. Ndipo tukaanza kunong'ona kwamba dereva anauza vipuri. Halafu usiku mmoja mama mjamzito akakaa saa mbili kando ya barabara, sisi tukihangaika kutafuta watu wa kusukuma. Alijifungua salama, Mungu ashukuriwe.

Ubaya ulikuwa wapi? Waya wa arthi, ule unaoshika injini, ulikuwa umelegea na kuingia kutu chini ya nati. Kuusafisha na kuukaza hakukuchukua hata nusu saa.

Basi, kabla ya kununua kitu chochote:

1. Dereva aandike kwenye daftari gari lilikataa lini: asubuhi ya baridi, injini ikiwa moto, ama baada ya mvua?

2. Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe. Washeni taa kubwa, kisha mmoja apige stata. Taa zikififia sana, angalieni betri na vichwa vyake. Zikibaki kali na stata imenyamaza, fuateni swichi, stata na nyaya zake, pamoja na ule wa arthi.

3. Fungueni kwanza upande wa kutoa (–), na mrudishe huo mwisho. Osheni vichwa kwa maji moto yenye magadi, yasiingie ndani ya betri. Kausheni, kazeni. Msivute sigara hapo, gesi ya betri hulipuka.

4. Mkipata mita, betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma kama 12.6. Injini ikinguruma isome karibu 14. Ikibaki 12, altaneta haichaji.

Dereva tulimwomba msamaha mbele ya mkutano, na akatusamehe. Pesa za betri na stata hazikurudi. Shida inayokuja na kwenda, wenzetu, tuichunguze kwanza kabla ya kumtafuta mwizi.